Kwa Nini Sinunui Burudani Yenye Kufuli: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila mara ndugu, rafiki au mfanyakazi mwenzangu anapogundua kwamba kuna filamu, nyimbo na gemu ambazo nina uwezo wa kuzilipia lakini sizinunui kwa sababu ya msimamo, maswali hufuatana, na kwa kawaida ni yale yale. Nimeyajibu kwenye foleni ya mwendokasi Kimara, barazani Magomeni na hata kwenye kikao cha harusi. Nimeona ni afadhali niyaandike majibu yote mahali pamoja, ili anayetaka kujua ajue, na anayetaka kupinga apinge jambo ninalolisema kweli.

Unasusia nini hasa?

Nasusia bidhaa yoyote ya burudani ambayo muuzaji anasema ananiuzia, kisha anabaki na ufunguo. Iwe filamu, albamu, kitabu cha kusikiliza au gemu, kipimo changu ni kimoja: baada ya kulipa, je, naweza kuitumia bila kumwomba ruhusa tena aliyeniuzia?

Bidhaa ninazozizungumzia hazipiti kipimo hicho. Faili lake limefumbwa kwa msimbo, na programu inayolifumbua huuliza kwanza seva ya kampuni iliyoko ng'ambo kama akaunti yangu, kifaa changu na wakati mwingine hata nchi yangu vinaruhusiwa. Seva ikikubali, filamu inaanza. Seva ikikataa, au ikizimwa kwa sababu kampuni imebadili mipango yake, nilicholipia kinakuwa mzigo wa data usiosomeka. Wenye viwanda huiita teknolojia hiyo DRM. Mimi naiita kufuli, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yake, na kwa kuwa anayesikia neno kufuli huuliza mwenyewe ufunguo uko kwa nani.

Nasusia pia, kwa uzito ule ule, nakala za wizi. Watu wengi hudhani kwamba kukataa kufuli ni njia ya kujihalalishia CD za kuchoma na nyimbo za kuingiziwa kwenye flashi. Sivyo, na nitaeleza hapo chini.

Filamu si filamu tu? Kwa nini ulifanye kuwa suala la msimamo?

Kwa sababu ya neno kununua. Mjomba wangu alikuwa na duka la kukodisha kanda za video Magomeni, nami nikiwa mwanafunzi wa sekondari nilikuwa namshikia duka siku za Jumamosi. Hakuna mteja, hata mtoto, aliyechanganya kukodi na kununua. Aliyekodi aliandikwa kwenye daftari, akairudisha kanda kesho yake, na akichelewa alitozwa. Aliyenunua aliichukua kanda ikawa yake: aliweza kumwazima jirani, kumpelekea shemeji yake Morogoro, kuiuza alipoishiwa, au kuiacha kabatini hadi wajukuu waikute. Mjomba hakuwa na njia ya kumfuata mteja nyumbani usiku na kuichukua kanda yake, na kama angejaribu, mtaa mzima ungemwita mwizi.

Miaka mingi baadaye nilinunua nyimbo, mmoja mmoja, kwenye duka la muziki la simu. Zilikuwa kama 60 hivi, nyingi za rumba na taarabu, ambazo nilizitafuta kwa muda mrefu. Nilipobadili simu zikakataa kufunguka kwenye simu mpya. Nilipoandika kuuliza, nilijibiwa kwa adabu kwamba huduma ilikuwa imefungwa na kwamba, kwa mujibu wa masharti niliyoyakubali, nilikuwa nimepewa leseni ya kusikiliza wala si umiliki wa nyimbo. Niliyasoma masharti hayo kwa mara ya kwanza siku hiyo. Walikuwa wanasema kweli, na hilo ndilo lililoniuma: uongo ulikuwa mmoja tu, ule ulioandikwa kwenye kitufe cha "Nunua", lakini ndio nilioulipia.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Aliyeazima hujua kuwa ameazima, naye hujipanga kwa hilo. Mwenye kosa ni yule anayekuazima kwa bei ya kuuza bila kukuambia, na sitaki kumpa fedha zangu mara ya pili.

Kwani kuna mtu mwingine aliyewahi kunyang'anywa alichonunua?

Wapo wengi, na visa vyao vinajulikana. Julai 2009 Amazon ilifuta kwa mbali, kutoka kwenye vifaa vya Kindle vya wateja waliokwisha kulipa, nakala za vitabu viwili vya George Orwell, kimojawapo kikiwa kile tunachokijua kwa Kiswahili kama Shamba la Wanyama. Aliyeviweka dukani hakuwa na haki ya kuviuza, wateja walirudishiwa fedha zao, na mkuu wa kampuni, Jeff Bezos, aliomba radhi. Kwangu mimi kosa la siku ile si kubwa kuliko uwezo uliodhihirika siku ile. Muuza vitabu wa Mtaa wa Samora akigundua kwamba ameuza kitabu kisicho halali hawezi kuingia chumbani kwako kukichukua ukiwa umelala.

Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu vya kielektroniki, na vitabu vyote vilivyonunuliwa humo vikaacha kufunguka. Ilirudisha fedha, jambo la kupongezwa, lakini hakuna msomaji aliyeulizwa kama alitaka fedha au kitabu.

Kisa kinachonigusa zaidi ni cha gemu ya magari iitwayo The Crew, iliyotolewa na kampuni ya Ufaransa ya Ubisoft mwishoni mwa 2014. Tarehe 31 Machi 2024 seva zake zilizimwa. Gemu hiyo mtu aliweza kuicheza peke yake, akizunguka na gari lake bila kushindana na yeyote, lakini kwa kuwa iliundwa ili isiwake bila kuwasiliana na seva, hata aliyenunua diski dukani, ikiwa kwenye boksi lake, alibaki na kipande cha plastiki. Hakuvunja sharti lolote, wala hakuchelewa kulipa chochote. Kampuni iliamua imetosha, ikatosha kwa wote.

Hayo ni ya Ulaya na Marekani. Yanatuhusu nini sisi wa Dar es Salaam?

Naamini yanatuhusu kuliko yanavyowahusu wao, kwa sababu kufuli limeundwa na mtu anayedhani intaneti ipo wakati wote kama hewa. Kwetu intaneti ni bando, na bando lina muda wake wa kuisha. Gemu kubwa ya siku hizi inaweza kudai upakue zaidi ya GB 50 kabla haijachezeka, wakati mwingine hata ukiwa umenunua diski, na gharama hiyo haikuandikwa kwenye bei uliyokubaliana na muuzaji.

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na intaneti ya Tanzania na ya majirani zetu ikadhoofika kwa siku kadhaa. Wiki ile mpwa wangu alikuja nyumbani na gemu aliyonunuliwa na baba yake, gemu ya mchezaji mmoja, isiyo na haja ya kuwasiliana na mtu yeyote duniani, ikagoma kuwaka kwa kuwa haikuweza kuuliza ruhusa. Umeme ulikuwepo, televisheni ilikuwepo, na diski ilikuwa ndani ya mashine. "Mjomba, kwani hii si ya kwangu?" aliniuliza. Mtoto wa miaka 11 alikuwa ameuliza swali lile lile ambalo wanasheria wamelizungusha kwa miongo miwili.

Kuna pia suala la mipaka. DVD zilipoingia sokoni, wenye filamu waliigawa dunia katika maeneo sita ya kijiografia, kila eneo na namba yake, ili diski ya eneo moja isichezwe kwenye mashine ya eneo lingine. Tanzania, pamoja na sehemu kubwa ya Afrika, iliwekwa eneo la 5, ilhali Falme za Kiarabu ziliwekwa eneo la 2. Kwa hiyo mfanyabiashara wa Kariakoo aliyerudi kutoka Dubai na sanduku la DVD halisi alikuwa amebeba diski ambazo mashine ya eneo la 5, kama ingefuata masharti, ilipaswa kuzikataa. Tulisalimika kwa sababu mashine nyingi za bei nafuu kutoka China zilisoma diski za maeneo yote. Nimewaza mara nyingi kuhusu hilo: yule fundi asiyejulikana wa kiwandani alituheshimu sisi wanunuzi kuliko wenye filamu tuliowalipa.

Siku hizi namba za maeneo zimehamia mtandaoni, na ujumbe unaosema kwamba kazi fulani haipatikani katika nchi yako ni mtoto wa mfumo ule ule.

Kama hutaki kufuli, kwa nini usiingiziwe tu kwenye flashi?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na nalijibu kwa urefu kwa sababu najua linatoka wapi. Ukienda Kariakoo, au kituo chochote kikubwa cha daladala, utamkuta kijana mwenye kompyuta anayekuingizia nyimbo mia kadhaa au msimu mzima wa tamthilia kwa bei isiyofika nauli ya kwenda Bagamoyo. Nakala zake hazina kufuli. Zinacheza kwenye redio ya gari, kwenye simu ya tochi yenye sehemu ya kadi, na kwenye televisheni ya kinyozi. Kwa upande wa matumizi zinamheshimu mteja kuliko bidhaa nyingi halali, na asiyelikubali hilo hajui kwa nini biashara hiyo haifi.

Lakini katika bei ile hakuna senti inayomfikia mtunzi. Fikiria vijana wa singeli, muziki uliozaliwa katika mitaa yetu hii ya uswahilini, uliotengenezwa katika vyumba vidogo kama studio ya Sisso ya Mburahati, kwa kompyuta ambazo fundi wake ni yule yule mpiga ala. Wimbo ukitoka leo, kesho upo kwenye kila bajaji, na aliyeutengeneza bado anakopa umeme. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inampa haki yake, na Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, ipo kwa ajili hiyo. Kuanzia 2013 Mamlaka ya Mapato iliweka hata stempu za kodi kwenye CD na DVD za muziki na filamu ili nakala halali itofautishwe na ya wizi. Hatua hizo zilikuwa na nia njema, ila zilikuja wakati wateja walikuwa wanaiacha diski na kuhamia kwenye flashi, ambayo haina mahali pa kubandika stempu.

Simlaumu sana kijana wa kompyuta. Anatoza kazi ya kunakili, mteja wake hana kadi ya benki, na kwa kazi nyingi hakuna duka halali linalomfikia. Nasema tu kwamba mimi, ambaye nina mshahara na njia ya kulipa, sina udhuru. Kwenye kufuli, muuzaji anamdhulumu mnunuzi. Kwenye nakala ya wizi, mnunuzi anamdhulumu mtunzi. Siwezi kulalamikia dhuluma ya kwanza huku ya pili nimeiweka mfukoni.

Kuhusu filamu za kutafsiriwa za vibanda umiza, yaani vibanda vya mitaani vya kuonyeshea video, moyo wangu umegawanyika. Ufundi wa mkalimani anayeigiza sauti za watu wote peke yake, akaleta Tandale ndani ya Hong Kong, ni sanaa ya kweli, na ningependa kuilipia. Filamu iliyo chini ya sauti yake, hata hivyo, mara nyingi haijalipiwa, kwa hiyo nami sinunui. Ikitokea siku mkalimani na mwenye filamu wakaandikiana mkataba, nitapanga foleni.

Basi hata kulipia kwa mwezi hukubali?

Nakubali, almradi mambo yaitwe kwa majina yake. Wazee wetu walikata tiketi za sinema za Avalon na Empire wakijua wananunua saa tatu za kukaa gizani na kulia na filamu ya Kihindi. Hakuna aliyetoka akidai ukanda wa filamu. Huduma ya filamu au muziki ya kulipia kwa mwezi ni tiketi ya aina hiyo hiyo: nikilipa naona, nikiacha kulipa siioni. Ninalipia mojawapo wakati wa likizo, kisha naisimamisha.

Ninachokataa ni kitufe cha kununua kilichowekwa pembeni ya kitufe cha kukodi, kwa bei ya juu zaidi, huku kitu kinachotolewa kikiwa ni kukodi kwa muda usiotajwa. Jimbo la California limeliona jambo hilo: sheria yake iliyosainiwa Septemba 2024 na kuanza kutumika Januari 2025 inakataza duka la kidijitali kutumia neno kununua kwa kitu ambacho mteja anapewa leseni tu, isipokuwa aelezwe hivyo waziwazi. Sheria hiyo haiondoi kufuli, ila inaondoa uongo, na uongo ndio nusu ya malalamiko yangu.

Makufuli si yanawalinda wasanii dhidi ya wizi?

Hiyo ndiyo sababu inayotolewa, na ningeiheshimu kama ingekuwa inafanya kazi. Kufuli la DVD lilivunjwa 1999, na programu ya kulivunja ikasambazwa na kijana wa Norway, Jon Lech Johansen, ambaye mahakama za nchi yake zilimwachia huru 2003. Tangu hapo sijaona kufuli la filamu ambalo soko la flashi lilishindwa kulipita. Filamu inayotoka ng'ambo ikiwa imefungwa kwa kila namna huwa ipo Kariakoo ndani ya siku chache, imefunguliwa, tayari kunakiliwa. Aliyebaki na kufuli ni yule aliyelipa.

Mwaka 2005 jambo hili lilifikia mahali pabaya zaidi. Kampuni ya Sony BMG iliuza CD za muziki ambazo, zikiwekwa kwenye kompyuta, zilisakinisha kwa siri programu ya kuzuia kunakili iliyojificha ndani kabisa ya mfumo wa Windows na kuacha upenyo ambao virusi viliutumia. Mtaalamu wa kompyuta Mark Russinovich aliigundua kwenye kompyuta yake mwenyewe na kuianika Oktoba 31 mwaka huo. Kampuni ililazimika kuzirudisha CD hizo kutoka sokoni na kukabili kesi. Anayenakili kwa wizi hakuguswa na programu ile hata kidogo. Waliodhurika ni wale walioingia dukani, wakatoa fedha na kupewa risiti.

Ukisusa, wenzio wala. Huoni kwamba unajinyima bure?

Msemo huo nimeusikia tangu utotoni, sahani ikiwa mbele yangu, na ni wa kweli kwa chakula. Kwa biashara si wa kweli wakati wote, kwa kuwa muuzaji huhesabu sahani zilizorudi.

Mei 2013 Microsoft ilitangaza mashine mpya ya gemu, Xbox One, ambayo ingepaswa kuunganishwa na intaneti angalau mara moja kila baada ya saa 24 hata kama mtu anacheza diski yake peke yake, na ambayo ingeweka mipaka katika kuazimana na kuuza diski zilizotumika. Wachezaji walikataa kwa sauti kubwa, wengi wakasema watanunua ya mshindani. Haukupita mwezi mmoja tangu mipango hiyo ifafanuliwe, na Juni 19 kampuni ikaifuta yote mashine ikiwa bado haijafika sokoni. Nadhani kijana wa Mbagala anayemwazima mwenzake diski ya mpira leo ananufaika na ukaidi wa watu hao asiowajua.

Kwenye muziki ilichukua muda mrefu zaidi. Nyimbo za duka la iTunes zilikuwa na kufuli tangu 2003. Wateja walinung'unika miaka yote hiyo, mnamo 2007 lebo ya EMI ikakubali kuuza bila kufuli, na mwaka 2009 Apple ikaliondoa kwenye nyimbo zote. Muziki haukufa. Leo hakuna duka kubwa la nyimbo linalouza faili lenye kufuli, na watu wengi wamesahau kwamba iliwahi kuwa vinginevyo.

Kuhusu gemu, mapambano bado yanaendelea. Kisa cha The Crew kilimfanya Ross Scott, mtengeneza video wa YouTube, aanzishe mwaka 2024 vuguvugu la Stop Killing Games, linalodai kwamba kampuni inapoachana na gemu iliyoiuza iiache katika hali ya kuchezeka. Ombi lililopelekwa Umoja wa Ulaya kwa madai hayo lilivuka saini milioni 1 Julai 2025. Mimi si raia wa huko, kwa hiyo sikuweza kusaini. Ninachoweza kukifanya kutoka Magomeni ni kutonunua, na kumwandikia muuzaji kwa nini sikununua.

Hata hivyo sitaki nionekane kama nasusia kwa sababu nitashinda. Hata kama kufuli lingedumu miaka 100, bado nisingependa kulipia kitu ambacho hakiwi changu.

Je, ninaweza kulivunja kufuli la kitu nilichokilipia?

Sifundishi hilo wala silifanyi. Sheria za nchi nyingi zinakataza, ile ya Marekani ya 1998 ikiwa maarufu zaidi, na zinakataza hata pale ambapo mwenye kuvunja ndiye mnunuzi. Naona ni sheria mbaya. Lakini dawa niliyoichagua ni kutoingia kwenye biashara hiyo tangu mwanzo, na inanitosha.

Sasa unaburudika na nini?

Kwa kweli siishi maisha ya kujinyima. Muziki nanunua kwenye Bandcamp, ambako ukilipa unapakua faili lako, MP3 au la ubora wa juu zaidi, unalihifadhi unakotaka, na duka linachukua asilimia 15 au chini ya hapo kwa muziki wa kupakua. Huko ndiko nilikonunua mkusanyiko wa singeli ya Sisso uliotolewa 2017 na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Nakiri kwamba ilinisikitisha kidogo kulipa kwa dola, kupitia Uganda, muziki uliotengenezwa umbali wa safari moja ya bodaboda kutoka kwangu. Ilinifurahisha pia kwamba njia ipo.

Gemu nanunua GOG, duka la Poland lililofunguliwa 2008 kwa ahadi ya kuuza gemu bila kufuli. Unapakua kisakinishi mara moja, bando likiwa la usiku, unakiweka kwenye diski ya nje, na baada ya hapo hutegemei mtandao. Gemu mpya kabisa nyingi hazipo huko, na hilo ni hasara ninayoikubali. Kwa malipo natumia kadi ya mtandaoni inayotolewa kupitia huduma ya pesa ya simu, hivyo anayedhani lazima awe na akaunti kubwa ya benki amekosea.

Na kuna burudani isiyo na faili kabisa. Msondo Ngoma na Sikinde wamepigia jiji hili muziki wa dansi kwa miongo mingi. Ukilipa kiingilio unajua fedha yako imeingia mlango gani, na hakuna anayekuuliza umetoka nchi gani.

Watoto wako wanalichukuliaje?

Mwanangu mkubwa alinuna kwa muda, kwa sababu wenzake shuleni walikuwa wanacheza gemu ambayo hatukununua. Sikumkataza kwenda kucheza kwa rafiki zake, wala sikumhutubia. Nilimweleza sababu mara moja, nikampa bajeti yake ya mwezi achague mwenyewe katika vilivyo wazi. Mwenzi wangu, kwa upande wake, hashiki msimamo huu kama mimi, na ana akaunti yake. Hatugombani kwa hilo. Msimamo wa mtu mmoja usigeuke kuwa kufuli la nyumba nzima.

Nikipewa zawadi yenye kufuli nifanyeje?

Ipokee na umshukuru aliyekupa. Heshima ya mtu ni kubwa kuliko faili.

Nianzie wapi kama nami nataka kufanya hivyo?

Usitupe ulichonacho. Tenga kwanza vitu ulivyokwisha kulipia katika mafungu mawili: vinavyofunguka ukiwa umezima data, na visivyofunguka. Jaribio hilo la kuzima data ni rahisi, na wengi niliowapa walishtuka walipoona fungu la pili lilivyo kubwa. Vile vya fungu la kwanza vinakilie sehemu mbili tofauti, kwa sababu faili lisilo na kufuli nalo hupotea simu ikiibiwa.

Kisha, kabla ya kulipa tena popote, tafuta neno leseni kwenye masharti na usome aya linamotokea. Huhitaji kusoma kurasa zote 30. Muulize muuzaji, kwa maandishi, kitatokea nini kwa ulichonunua huduma ikifungwa. Wengi hawatajibu, nawe utakuwa umejibiwa. Anza na aina moja tu, kwa mfano muziki, ambako mbadala ni mwingi, na filamu uziache za mwisho, kwa kuwa huko ndiko njia halali isiyo na kufuli ilikobaki nyembamba kuliko kote.

Na unapokataa kununua, mwandikie mwenye kazi, hasa akiwa msanii wa hapa nyumbani, umwambie ulikuwa na fedha na ulitaka kulipa. Ukikaa kimya, atadhani hukuipenda kazi yake.

Ni kitu gani kingekufanya uache kususia?

Mambo ya kawaida kabisa. Kinachokodishwa kiandikwe kuwa kinakodishwa, na kwa muda gani. Gemu inayoachwa na kampuni iachwe ikiwa inachezeka. Filamu za Kitanzania ziuzwe na wenyewe kwa bei ya shilingi, zilipiwe kwa simu, na zipakuliwe kama faili. Mama yangu anaishi kijijini nje ya Muheza, ambako mtandao hushika ukipanda kilima cha shule, na anapenda filamu za Kiswahili kuliko kitu chochote. Siku duka lolote litakaponiuzia filamu ninayoweza kuiweka kwenye flashi, kuikabidhi kwa kondakta wa basi la Tanga, na mama akaitazama jioni hiyo bila kumwomba mtu ruhusa, nitakuwa mteja wake kuanzia siku hiyo hiyo.